Chaneli ya MLB (ligi kuu ya besiboli Marekani) huko YouTube, mechi nzima bure kabisa

Wadau mi hii chaneli naipa nyota tano, kwa sababu wanaweka mechi nzima za zamani na hulipii hata senti, unarudisha nyuma uamuzi wa kocha mpaka uuelewe. Mfano fainali ya 2020 gemu ya 6, Rays na Dodgers. Blake Snell, mrushaji wa Rays, karusha mipira 73 tu, kawatoa wapigaji 9 kwa straiki (yaani straiki tatu, unatoka), kaachia hiti 2 tu (mapigo ya kumfikisha mpigaji kituoni), Rays wanaongoza 1-0, alafu kocha wao Kevin Cash anatoka benchi anakuja kumnyang'anya mpira inning (awamu) ya 6. Angalia sura ya Snell pale!! Nimeirudia hiyo sehemu mara nne na bado inaniuma. Akaingia Nick Anderson kurusha badala yake, Betts wa Dodgers akapiga dabo (hiti ya kufika kituo cha pili), mpira mmoja ukampita mdakaji, mechi ikageuka, Dodgers 3-1 na kombe juu.

Najua hesabu zinasema mrushaji akikutana na wapigaji walewale mara ya tatu wanamzoea, sawa, lakini jamani hao wapigaji watatu wa kwanza wa Dodgers Snell alikuwa kashawatoa wote mara mbili mbili kwa straiki. Mtu kama huyo unamwacha arushe. Ukiwa na waifai iangalie yote, usiishie hailaiti.