Droni Kendu Bay: kwa macho au kwa skrini?

Ukisimama ufukweni Kendu Bay, kando ya Ziwa Victoria, na droni ya gramu 249, una njia mbili. Unaweza kuirusha ukiiona kwa macho yako, na ikifika mita mia kadhaa inageuka nukta, hujui pua imeelekea wapi. Au uiache itokomee, ukitegemea skrini ya rimoti inayoonyesha picha za kamera yake.

Hiyo ya pili inavutia mno, maana mawimbi ya redio ya rimoti za leo hufika kilomita kadhaa. Lakini kamera hutazama upande mmoja tu. Helikopta ikitokea ubavuni hutaiona. Halafu kuna upepo! Alfajiri huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani: droni inakwenda kwa wepesi, kisha inarudi ikipambana nao huku betri ikishuka, na chini ni maji matupu.

Sheria nayo iko wazi. Kanuni za Kenya za 2020 zinakutaka uione droni muda wote, usipite futi 400, labda uwe na kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya.

Kwa burudani, mimi nachagua macho bila kusita. Skrini naitupia jicho la kupanga picha tu, basi.