Fundi bati wa Majengo na ndege iliyoruka safari moja ya vita

Mwalimu mwenzangu unayetafuta mtu wa kukutengenezea zana za kufundishia hapa Dodoma, nenda kwa fundi bati aliye nyuma ya Soko la Majengo, yule wa majiko ya mkaa na kandili. Kazi yake naisifu kwa moyo wote.

Nilimpelekea picha tatu za Lady Be Good, ndege ya Marekani ya kudondosha mabomu, aina ya B-24. Nilitaka mfano wa mabaki yake kwa somo la Vita Kuu ya Pili. Tulikubaliana kila nusu mita iwe sentimita moja, hivyo mabawa ya mita 33.5 yakatoka sentimita 67. Bati ni la madumu ya mafuta ya kula, na viungo amevilehemu vizuri, hakuna ncha ya kumkata mtoto.

Siku ya kuichukua nikakuta ndege nzima, imenyooka, inang'aa. "Mwalimu, kazi yote hii kweli niikate?" Nikavuta kigoda, nikamsimulia. Tarehe 4 Aprili 1943 iliondoka Soluch, Libya, kwenda kushambulia Napoli. Ilikuwa safari yake ya kwanza ya vita. Usiku wakati wa kurudi ikapita juu ya kambi yake bila waliokuwamo kujua, ikaendelea mpaka ndani ya jangwa. Mafuta yalipokaribia kwisha, wote tisa wakaruka kwa miavuli. Wanane wakakusanyana, wakatembea kuelekea kaskazini wakidhani bahari iko karibu, maji yao ni chupa moja. Rubani msaidizi, Robert Toner, aliandika daftari lake mpaka tarehe 12. Hakuna aliyerudi. Ndege yenyewe ilishuka mchangani bila mtu ndani, na watafuta mafuta walipoifikia mwaka 1959, redio yake bado ilikuwa inafanya kazi.

Fundi alinyamaza kitambo. Kisha akachukua mkasi wa bati, akaikata nyuma ya mabawa, palepale ilipokatika ile ya kweli.

Kilichonigusa zaidi ni mapangaboi. Nilimwambia mara moja tu kwamba injini tatu zilikuwa zimezimika na panga zake zimegeuzwa ubavu ili zipasue upepo, ya nne ikiwa bado inazunguka ilipogusa ardhi. Nilipoifikisha darasani ndipo nikaona: panga za tatu amezigeuza ubavu, za ile ya nne amezikunja kwa koleo.

Kasoro ipo. Namba 64 ya puani aliiandika kwa rangi isiyoshika, inabaki mikononi mwa wanafunzi. Alichelewa pia siku nne kwa sababu ya oda ya majiko, ila alinipigia mapema. Sh 45,000 nililipa bila kuvutana, nikaona hata amejipunja.

Ukienda, peleka picha ya ubavuni na ya juu. Ya mbele peke yake haimtoshi.