NVDA kwa masomo ya mtandaoni: bure, ila ina mitego

Mwanafunzi asiyeona anayesoma mtandaoni kwa kompyuta ya Windows aanze na NVDA. Kisoma skrini hiki, yaani programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini, kilianzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni, na mpaka leo hakiuzwi. (Ukurasa wa kupakulia huomba mchango, unaweza kuuruka.) Kinakaa hata kwenye flashi, ila hapo hakisomi lile dirisha la Windows linaloomba ruhusa ya msimamizi.

Kwenye Moodle, jukwaa la masomo mtandaoni, wanaoanza hushuka kwa mshale mstari kwa mstari, menyu ile ile kila ukurasa. Bonyeza H uruke kutoka kichwa cha sehemu moja hadi kingine. Insert+F7 inaleta orodha ya viungo. Kasheshe iko kwenye jaribio. Ukifika kisanduku cha jibu kwa mshale ukaanza kuandika papo hapo, kila herufi inageuka amri: "h" ya neno lako inakurusha kichwa kinachofuata. Gonga Enter, usikie mlio, ndipo uandike. Maswali ya kuchagua ni mabaya zaidi. Ukiingia kwa Tab, kisha ukapandisha na kushusha mshale ili usikie tena A, B na C, kila mguso unahamisha jibu lako, nawe huna habari. Gonga Esc kwanza, sikiliza upendavyo, halafu chagua kwa kitufe cha nafasi.

Sauti ya eSpeak, inayokuja na NVDA, ina Kiswahili. Ni ya kiroboti, lakini inatamka silabi zetu na haichoki hata ukiikimbiza. Ikianza ghafla kusoma Kiswahili kwa lafudhi ya Kiingereza, usiilaumu: aliyetengeneza ukurasa ameuandikia kwenye msimbo kuwa ni wa Kiingereza, nayo inatii. Fungua mipangilio ya sauti kwa Insert+Ctrl+V, ondoa tiki kwenye kubadili lugha kiotomatiki, basi.

PDF iliyoskaniwa ni picha tu. Kuanzia Windows 10, Insert+R hujaribu kutambua maandishi yaliyo kwenye picha: chapa safi inapita, mwandiko wa mkono na milinganyo ya hesabu huvurugika. Mwalimu atume faili la Word lenye vichwa halisi, si herufi zilizokolezwa tu, maana hizo H haizioni. Na anaposhirikisha skrini kwenye Zoom, slaidi zinafika kama video, NVDA haina cha kusoma; azitume kabla ya kipindi.