Nakala ya Wagner wa Renoir: ya kwanza niliirudisha

Mume wangu anapiga kinanda kanisani, na karibu kila harusi huombwa ule muziki wa kumwingiza bibi harusi, uliotoka kwenye opera ya Lohengrin ya Richard Wagner, mtunzi wa muziki wa Kijerumani. Alipotimiza miaka 50 nikamwagizia picha ya Wagner aliyoichora Renoir, mchoraji wa Kifaransa: nakala ya mkono, rangi za mafuta juu ya turubai.

Picha halisi niliwahi kuiona Paris, Musée d'Orsay, lile jumba lililokuwa stesheni ya treni. Ni ndogo, sentimita 53 kwa 46. Renoir aliichora Palermo, Italia, tarehe 15 Januari 1882, siku mbili baada ya Wagner kumaliza Parsifal, opera yake ya mwisho, na alipewa dakika 35 tu. Aliandika baadaye kwamba mzee alianza mchangamfu kisha akakakamaa, na kwamba yeye Renoir angeacha kuchora mapema picha ingetoka nzuri zaidi. Mimi nashukuru hakuacha. Uzito ule wa uso ndio ulionisimamisha pale. Mtu amechoka, kazi kubwa ameimaliza, na mwaka uliofuata akafariki.

Nakala ya kwanza ilifika baada ya wiki tano, na iliniuma. Kila kitu kimelainishwa, mashavu yanang'aa, nywele zimechorwa unywele kwa unywele. Picha ya dakika 35 haiwi hivyo! Kwenye ile ya Paris, ukisogea karibu unaona michirizi ya brashi tu. Rudi nyuma hatua tatu, ndipo inakuwa nywele.

Niliwaandikia wachoraji hayo hayo, nikairudisha, nao wakachora upya bila kuniongeza bei. Ya pili ni kitu kingine kabisa. Ukiitazama mwanga ukiipiga kwa upande, unaona rangi ilivyowekwa harakaharaka. Macho wameyatia giza kidogo kuliko yalivyo, hapo napunguza nyota moja. Ukiagiza, taja vipimo halisi, sema unataka alama za brashi zionekane, na omba picha ya simu kabla haijafungwa. Ikifika ikiwa bado inanuka mafuta, usiiwekee kioo.

Mume wangu alipoifungua alikaa kimya, kisha akauliza, "Mchungaji huyu ni wa usharika gani?" Nikamwambia Wagner mwenyewe, alipooneshwa picha siku ile, alisema anafanana na mchungaji wa Kiprotestanti. Sasa iko ukutani, juu ya kinanda chake cha mazoezi.