Karavani ya familia katika nyika ya Australia: uchambuzi baada ya safari na watoto wadogo

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo ninachambua karavani ya familia, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayokokotwa na gari, na ninaipima kwa kazi moja tu: kuwapeleka watoto wadogo katika nyika ya ndani ya Australia na kuwarudisha salama. Tuliikokota kutoka Adelaide, mji tunaoishi, tukapita Port Augusta, tukaifuata barabara kuu ya Stuart Highway kuelekea kaskazini hadi Coober Pedy, mwamba wa Uluru na Alice Springs, kisha wakati wa kurudi tukaiacha lami pale Marla na kushika njia ya changarawe iitwayo Oodnadatta Track. Tulikuwa na watoto watatu, mkubwa ana miaka sita na mdogo hajatimiza miwili. Jina la kampuni iliyoitengeneza sitalitaja, kwa sababu karibu kila nitakalolisema linahusu aina nzima ya karavani za familia zinazouzwa kwa ahadi kwamba zinamudu barabara mbaya, na maswali nitakayowapa mnaweza kumuuliza muuzaji yeyote.

Nianze na kibati hiki cha chuma kilichobanwa kwa ribiti karibu na mlango. Wauzaji wengi huwapitisha wateja hapa haraka ili wakawaonyeshe makochi na taa za rangi, lakini mimi naona kwamba kibati hiki ndicho kinachoamua kama karavani inaifaa familia au haiifai. Nambari ya kwanza ni uzito wa karavani ikiwa tupu, kilo 2,560. Nambari ya pili ni uzito wa juu unaoruhusiwa kisheria ikiwa imepakiwa, kilo 3,000. Tofauti yake ni kilo 440, na hiyo ndiyo haki yenu yote ya kubeba. Sasa ondoeni matangi mawili ya maji ya lita 95 kila moja, ambayo yakijaa ni kilo 190. Ondoeni mitungi miwili ya gesi ya kilo 9, ambayo pamoja na chuma chake inakaribia kilo 40. Mmebakiwa na kilo 210 hivi kwa ajili ya magodoro ya ziada, mablanketi, sufuria, vyakula, nepi, nguo za watu watano, viti, meza, turubai la kivuli, mipira ya maji, vifaa vya ufundi na baiskeli ndogo za watoto. Kwa wazee wawili waliostaafu kilo hizo zinatosha kabisa. Kwa familia yenye watoto wadogo zinaisha kabla ya kufika jikoni.

Hesabu haiishii hapo. Kwa kawaida karibu asilimia 10 ya uzito wa karavani hulalia ndoana ya kukokotea, kwa hiyo kilo 300 hivi zinabebwa na gari lenyewe na zinahesabiwa kuwa mzigo wa gari. Pikapu na magari mengi makubwa ya hapa yanatangazwa kwamba yanakokota kilo 3,500, na ni kweli yanakokota, ila gari lina kikomo chake cha kubeba, na pia kuna kikomo cha uzito wa gari na karavani kwa pamoja. Wekeni baba, mama, watoto watatu, viti vyao vya usalama, jokofu dogo na tairi la pili la akiba, kisha ongezeni zile kilo 300, na mtaona kwamba gari linaweza kuvuka kikomo hata kabla karavani haijavuka. Nawasihi muipitishe kwenye mizani ikiwa imepakiwa kama siku ya safari, na familia nzima imekaa ndani ya gari. Madereva wa malori kule nyumbani Afrika Mashariki wanaijua mizani na wanaiheshimu, na mtu anayekokota tani tatu nyuma ya wanawe ana sababu kubwa zaidi ya kuiheshimu.

Mzigo mzito ukae chini, karibu na ekseli, na msiweke vitu vizito mkiani. Sababu yake mtaiona siku mtakapopishana na malori marefu ya Stuart Highway, yenye matela matatu na zaidi, ambayo urefu wake unaweza kufika mita 53.5. Lori la aina hiyo likija mbele yenu kwa kasi, upepo wake hulisukuma gari, kisha huivuta karavani, na karavani iliyopakiwa vibaya huanza kuyumba kulia na kushoto. Ikitokea hivyo msikanyage breki za gari kwa nguvu. Ondoeni mguu kwenye mafuta taratibu, shikeni usukani bila kupambana nao, na mtumie kitufe kinachofunga breki za umeme za karavani peke yake, ambacho hukaa kwenye dashibodi. Karavani hii ina pia mfumo wa kielektroniki wa kuzuia kuyumba, nami siwezi kuishauri familia inunue karavani isiyo nao. Mkiwa na redio ya mawasiliano ya UHF, wekeni chaneli ya 40, ambayo madereva wa malori huitumia, muwaambie kwamba mmewaona na kwamba mtapunguza mwendo ili wawapite.

Tuingie ndani. Vitanda vya watoto viko nyuma, ni dabodeka ya ngazi tatu, na kila kitanda kina taa yake, tundu la kuchajia na dirisha dogo. Mpangilio huu naupenda kwa dhati, kwa sababu watoto wanaolala saa moja jioni hawamlazimishi mtu kukunja meza ya chakula ili kuwatandikia, na wazazi wanabaki na mahali pa kukaa baada yao kulala. Kasoro ni kizuizi cha kitanda cha juu. Tazameni nikiweka godoro: kizuizi kinalizidi kwa upana wa vidole vinne tu, na mtoto anayejigeuza usingizini anaweza kukivuka. Tulifunga wavu imara kutoka kwenye kizuizi hadi darini, na mdogo tulimlaza chini kabisa. Mtengenezaji angeweza kuongeza ubao kwenye kizuizi hicho kwa gharama ndogo sana, na ananishangaza kwamba hakufanya hivyo katika chombo alichokitangaza kuwa cha familia.

Sasa vumbi. Kwenye lami hamtaliona, lakini Oodnadatta Track ina zaidi ya kilomita 600 za changarawe kati ya Marla na Marree, na vumbi lake jekundu ni laini kama unga uliochekechwa mara mbili. Nataka mwone lilikopitia. Ninafungua kabati hili lililo chini ya sinki, ninamulika tochi, na hapa, pale bomba la maji machafu linapotoboa sakafu, kiwandani waliacha pengo la kupitisha kidole kulizunguka bomba. Alama nyekundu inaanzia kwenye pengo hilo, inapanda ukutani, inaingia kwenye droo ya vijiko, kisha inafuata upande wa chini wa vitanda hadi kwenye shuka za watoto. Mtoto wa kati ana pumu, kwa hiyo jambo hili halikuwa la usafi peke yake. Karavani hii ina kifuniko cha paa chenye chujio ambacho husukuma hewa safi ndani wakati wa mwendo, ili hewa ya ndani ikizidi ya nje vumbi lisipate nafasi ya kuingia. Kifaa hicho kinafanya kazi nzuri, lakini hakiwezi kufidia matundu yaliyoachwa wazi chini. Ziba kila tundu la bomba na waya kwa silikoni kabla ya safari, lakini usiyazibe hivyo matundu ya hewa ya jokofu la gesi kama karavani yako inalo, kwa sababu linahitaji hewa likiwaka.

Katika barabara ya namna hiyo, mawimbi madogo magumu ya changarawe hutikisa kila skrubu. Springi na shokapu za karavani hii zilivumilia vizuri, na kila gurudumu lina springi yake ya koili, jambo lililowasaidia sana watoto kuvikuta vitu vyao mahali walipoviacha. Tulipunguza upepo wa tairi kwa robo hivi, tukaenda polepole, na nati za magurudumu tulizikaza tena kila tulipopumzika. Mvua ikinyesha njia hii hufungwa, na kuendesha kwenye barabara iliyofungwa huko South Australia kunaleta faini, kwa hiyo hali ya barabara iangaliwe asubuhi ya siku ile ile.

Umeme na maji nitavisema kwa ufupi. Betri ya lithiamu na sola vilitosha kwa taa, jokofu, pampu na simu. Kiyoyozi hakitegemei betri hii. Kinahitaji umeme wa kambini au jenereta. Ndiyo maana tulisafiri kati ya Juni na Agosti, majira ya baridi ya huku, kwa sababu kiangazi cha nyika hii huvuka nyuzi joto 40, na sioni busara ya kumweka mtoto mchanga humo. Lakini msidanganywe na neno jangwa: usiku wa majira hayo ya baridi karibu na Uluru hushuka hadi karibu na sifuri, na kipasha joto kinachotumia dizeli ndicho kifaa ambacho mke wangu angekitaja wa kwanza kama mngemuuliza. Mashine ndogo ya kufulia ina thamani kubwa kwa wenye watoto, ila kila mzunguko unakula maji ambayo hamna. Coober Pedy, kwa mfano, hutegemea maji ya chini ya ardhi yanayoondolewa chumvi kwanza, na wasafiri huyanunua kwenye mashine ya sarafu. Tulifua tulipofika mahali penye bomba, hatukufua njiani.

Kuhusu mafuta, gari linalokokota karavani ya ukubwa huu hunywa dizeli karibu maradufu, na upepo wa mbele huongeza zaidi. Kati ya Glendambo na Coober Pedy kuna takriban kilomita 250 bila kituo cha mafuta hata kimoja. Tulijaza tangi kila tulipokuta kituo, hata kama lilikuwa nusu. Kangaruu na ng'ombe huingia barabarani alfajiri na jioni, kwa hiyo tuliondoka jua likiwa limeshapanda na tulikuwa tumeegesha kabla halijazama. Utaratibu huu unafupisha mwendo wa kila siku, na kwa watoto ni nafuu kubwa. Saa mbili ndani ya gari, kisha nusu saa ya kukimbia chini, kisha saa mbili nyingine, hicho ndicho kiasi ambacho wetu walikimudu bila machozi. Wala msishawishike kumwacha mtoto alale kitandani ndani ya karavani wakati inakokotwa. Sheria inakataza, na mmeona jinsi inavyotikisika. Mtoto akae garini kwenye kiti chake, ambacho ni lazima kisheria hadi atimize miaka saba.

Mtandao wa simu hukatika kwa masafa marefu sana. Tulikodi simu ya setilaiti, na ningeipa kipaumbele kuliko baiskeli na kuliko runinga. Huku madaktari huja kwa ndege: huduma yao, Royal Flying Doctor Service, ilianza mwaka 1928 na ingali inahudumia mashamba na barabara hizi hadi leo. Hata hivyo, mtu asiyeweza kupiga simu hawezi kuwaita.

Wengi wenu mmeniuliza kama Uluru panafaa kwa watoto wa umri huu. Panafaa. Kutoka Erldunda, njia panda iliyoko Stuart Highway, ni kilomita 245 hivi za lami hadi Yulara, ambako kuna kambi ya karavani. Kuuzunguka mwamba wote ni zaidi ya kilomita 10, mwendo mrefu mno kwa miguu midogo, lakini njia ya kwenda kwenye bwawa la Mutitjulu ni kilomita moja tu kwenda na kurudi, na hata mdogo alitembea sehemu yake. Kupanda mwamba kulifungwa tarehe 26 Oktoba 2019, kwa matakwa ya Waanangu, wenyeji wa asili ambao ni wenye ardhi hiyo, na zipo sehemu ambazo wanaomba zisipigwe picha. Watoto wangu walinisikiliza nilipowaeleza, nao ndio walioziona alama za kukataza picha kabla yangu. Video hii haina picha za sehemu hizo.

Hukumu yangu ni hii. Ukokotaji, springi, breki na mpangilio wa vitanda ni vya kiwango kizuri, na kwa hayo naipendekeza. Kizuizi cha kitanda cha juu na matundu ya sakafuni ni kasoro zinazozibika kwa siku moja ya kazi. Uzito wa kubeba ndio unaonizuia kuipa alama za juu: kwa familia ya watu watano msikubali chini ya kilo 600 kati ya zile nambari mbili za kibati, na muuzaji akiwaambia kwamba uzito unaoruhusiwa unaweza kuongezwa, mwambieni aongeze kabla hamjalipa, abandike kibati kipya, na awaonyeshe kwamba ekseli, tairi na ndoana vinaubeba uzito huo. Wenye gari dogo waachane na ukubwa huu, watafute tela la hema lenye vitanda vya kukunjua, au wakodi karavani kwa wiki moja ya likizo ya Julai. Likizo za shule hujaza kambi za Yulara mapema, kwa hiyo nafasi iwekwe miezi kadhaa kabla.