Dawati la taarifa katika kituo kimoja cha polisi, Mombasa

Nilikwenda kituoni kuripoti kupotea kwa kitambulisho cha taifa. Askari wa kike aliyekuwa kaunta alinisikiliza vizuri, akaandika taarifa yangu kwenye kitabu cha OB, yaani daftari la matukio la kituo, na kunipa nambari ya taarifa hiyo bila kudai chochote. Kwa hilo anastahili sifa.

Kilichoniudhi ni yaliyompata kijana aliyenifuata kwenye foleni, mwenye kanzu na kofia ya vito, ambaye naye alikuwa amepoteza kitambulisho. Kabla hata ya kuulizwa jina, askari mwingine alimtaka aseme huswali msikiti gani, baba yake alizaliwa wapi, na kwa nini simu yake ina nywila, maswali ambayo mimi, niliyevaa shati na suruali, sikuulizwa hata moja. Kijana alijibu kwa sauti ya chini, kisha akaondoka bila nambari ya OB.

Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi kwa misingi ya dini, kabila na hata mavazi; naamini waandishi wake waliotaja mavazi walijua walichokifanya. Wakazi wa Mji wa Kale na Majengo, mitaa ya Mombasa yenye Waislamu wengi, hawawezi kuwapa polisi habari za wahalifu ikiwa watoto wao huhojiwa hivi wanapokwenda kuomba msaada.

Atakayetendewa hivyo aandike nambari ya utumishi ya askari husika na kulalamika kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi.