Kioo cha simu kwa jua la Unguja: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Kaskazi iliyopita niliifunga simu kwenye usukani wa vespa, ramani imewaka, mwangaza uko juu kabisa, chaji imechomekwa, nikatoka Mjini kwenda Nungwi. Mahonda sijafika, mwangaza ukapungua wenyewe. Kufika Nungwi, mstari mwembamba wa kijani umesimama kutoka juu mpaka chini. Nikaiweka kivulini, nikaizima, nikaiwasha. Mstari uko palepale. Simu ya miaka minne, haijaanguka hata siku moja.

Basi nikaanza kuzunguka Darajani na Mlandege. Nilinunua vioo viwili kabla ya kupata cha kukaa, kwa hiyo mpangilio huu nimeulipia.

Kabla hujatoa pesa, hakikisha kilichokufa ni kioo kweli. Kioo cha LCD, yaani kile kinachomulikwa na taa ya nyuma, kikipata moto mkali huingia weusi, kwa sababu ule ute wa ndani unaopanga mwanga hupoteza mpangilio wake. Kikipoa, picha hurudi. Ipe simu nusu saa kivulini (usiitie frijini, ukiitoa tu itatoa jasho kwa ndani). Kisha ilaze simu juu ya meza na uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, au ukiona upenyo pembeni mwa kioo, betri imevimba na inakisukuma kioo kutoka chini. Hapo anza na betri. Ukibandika kioo kipya juu ya betri iliyovimba, hutakaa nacho.

Mstari wa kijani ni habari nyingine. Huo huwapata wenye OLED, yaani simu ambazo kila nukta hujitolea mwanga wake. Picha hupita kwenye utepe mwembamba ulioganda ukingoni mwa kioo. Moto wa mchana na baridi ya usiku hutanua na kubana kile kiungo mwaka baada ya mwaka, mwisho safu moja inaachia. Na nukta zenyewe huchakaa kwa joto na mwangaza mwingi, za bluu zikitangulia. Ndiyo maana simu kongwe huwa na umanjano, na kibodi huacha kivuli chake hata ukiwa umeifunga. Apple wenyewe wanasema iPhone itumike kwenye hewa ya nyuzi 0 hadi 35. Gari iliyofungwa vioo, imeegeshwa juani Mwanakwerekwe saa saba mchana, inavuka kiwango hicho kirahisi.

Sasa vioo. Namba moja kwangu ni kilichotolewa kwenye simu nyingine ya aina ileile, iliyokufa kwa sababu nyingine. Rangi ni zake, unene ni wake, na juani unasoma. Ubaya wake ni umri, kwa hiyo kijaribu kabla hakijagandishwa: fundi akichomeke tu, ufungue picha nyeupe tupu, halafu ya kijivu na mwangaza uushushe. Vivuli vya kibodi vitajitokeza hapo. Shika alama ya programu moja uiburure kioo kizima, kona kwa kona. Ikiponyoka mahali, tachi ina tatizo. Mwisho toka nayo nje ya duka, barabarani, juani. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Cha pili ni OLED mpya ya kopi, ile laini inayojipinda. Bei yake inauma lakini inakaa. Iko na OLED ngumu, ya bei nafuu kidogo, iliyojengwa juu ya kigae, yaani glasi. Hiyo naiweka chini kwa sababu ikianguka mara moja tu, wino unamwagika, yaani doa jeusi linaenea kwenye picha.

Simu yako ikiwa ilizaliwa na LCD, kama iPhone XR, iPhone 11 au nyingi za bei ya chini, usibabaishwe na maneno ya OLED. LCD nzuri ya kopi inatosha kabisa, na kwako wewe hiyo ndiyo namba mbili.

Ninachokukataza ni LCD kwenye simu iliyozaliwa na OLED. Nilikinunua hicho kwanza, kwa urahisi wa bei. Taa yake ya nyuma inawaka muda wote, hata picha ikiwa nyeusi, kwa hiyo simu inapata moto zaidi na chaji inakwisha mapema. Pia ni kinene, kilibaki kimeinuka kama kifuniko cha sufuria isiyo yake. Vumbi la Mjini likapata mlango.

Kubadilisha kigae cha juu peke yake? Picha ikiwa nzima, sawa, kwa fundi mwenye mashine. Lakini kukitenganisha kunataka moto, na moto ndio uliokuleta dukani.

Walioko Pemba, Chake au Wete, wanaoagizia Mjini: patana na muuzaji kabla kioo hakijapanda boti kwamba utakijaribu, na stika yake ya waranti usiibandue mpaka uridhike. Ikishabanduka, maneno yameisha.

Fundi wangu aliigandisha simu kwa gundi nyeusi, akaifunga mipira ya noti pande nne, akaniambia niifuate baada ya Laasiri. Nilipokwenda aliniuliza kama kile kishikio bado kiko kwenye vespa. Nimekifungua. Simu inakaa mfukoni, ramani naisikiliza kwa sikio moja.